Zamu za Jefwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nyevu alikuwa na kazi aliyoipenda kuliko kazi nyingine zote za nyumbani: kupiga pasi shati la kaka yake. Alichota makaa mekundu jikoni, mahali mama yake alipokuwa akikaanga mahamri ya kuuza, akayatia ndani ya pasi, akaipunga huku na huku mpaka majivu yakaruka. Kisha alilitandaza shati jeupe mezani akaanza na kola. Kaka yake, Jefwa, alikuwa kondakta mwanagenzi wa treni. Alikuwa bado anajifunza kazi, akifuatana na kondakta mkubwa na kumsaidia kuwapandisha na kuwateremsha abiria. Nyevu hakutaka abiria hata mmoja aone mkunjo katika shati hilo.

Walikaa Changamwe, karibu sana na reli, hata treni ikipita vikombe viligongana kabatini. Ulikuwa mwaka wa 1988, na Nyevu alikuwa darasa la sita. Baba yao, aliyekuwa fundi wa njia ya reli, alifariki Nyevu akiwa mdogo. Kwa hiyo siku Jefwa alipopata nafasi ya kujifunza ukondakta, mama yao alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje wakidhani kuna harusi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Jefwa alimaliza zamu yake, akarudi nyumbani, akaoga, akala, akalala. Akiamka alimwigizia Nyevu abiria wa kila aina: yule anayepanda na mbuzi, yule anayegombana na dirisha, yule anayelala mdomo wazi mpaka anapitishwa stesheni yake. Lakini mvua za masika zilipokwisha, mambo yalibadilika. Akitoka zamu ya asubuhi, Jefwa alibadili soksi tu akaingia zamu ya jioni. Siku yake ya mapumziko ilipofika, alivaa sare akatoka. Macho yake yakawa mekundu kama ya mtu anayepikia kuni mbichi, na mashavu yakaingia ndani.

"Jefwa mwanangu, hao wakubwa wako hawajui kuwa wewe ni mtu?" mama alimwuliza siku moja wakinywa chai. "Na ile likizo yako? Si ulisema mwezi wa nane utakwenda Mazeras kumwezekea hawe paa lake?"

Hawe alikuwa bibi yao, mama wa marehemu baba yao, naye aliishi peke yake huko Mazeras.

"Likizo nimenyimwa, mama," Jefwa alijibu bila kumtazama. "Kazi ni nyingi."

"Punda afe, mzigo wa bwana ufike! Ndivyo wanavyosema?"

Kipande cha hamri kilikuwa bado mkononi mwa Jefwa, na kidevu kilikuwa kimeanguka kifuani. Alikuwa amelala.

Mama alitikisa kichwa kwa huruma, akakitoa kile kipande vidoleni mwake taratibu. Nyevu alijua kazi ya kaka yake ilikuwa milangoni mwa treni, karibu na magurudumu ya chuma. Mtu anayelala huku anatafuna, je, akiwa huko?

Tangu siku hiyo hofu haikumtoka. Darasani, honi ya treni ilipolia, kalamu yake ilisimama. Alisubiri mpaka sauti ya mabehewa ilipopotea ndipo akaendelea kuandika, na mara nyingine alikuta mwalimu ameshafuta ubao.

Alasiri moja Nyevu alitumwa dukani kununua sukari. Akiwa njiani kurudi nayo, alimwona Jefwa kwa mbali akitoka stesheni, akipita njia ya mkato inayokatiza reli. Watu wengi waliitumia njia hiyo, lakini wote walisimama kwanza, wakatazama kushoto na kulia. Jefwa hakusimama. Alitembea polepole, mikono ikining'inia, kama mtu anayetembea ndani ya maji. Na wakati huo huo mabehewa ya mizigo yalikuwa yakirudi kinyumenyume kutoka upande wa Kipevu, yakisukumwa na injini iliyokuwa nyuma kabisa, ambako dereva asingeweza kumwona.

"Kaka!" Nyevu alipiga kelele. "Kaka Jefwa!"

Jefwa aliingia katikati ya reli. Hakugeuza hata kichwa.

Nyevu aliangusha sukari akakimbia. Hakujua alifikaje pale. Alichokumbuka baadaye ni kokoto zikimchoma nyayo, na shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe, na mikono yake miwili ikilivuta shati hilo kwa nguvu zote. Walianguka chali pamoja juu ya kokoto. Mabehewa yakapita mbele yao, moja baada ya jingine, upepo wake ukiwapiga usoni.

Jefwa alikaa, akamtazama dada yake kana kwamba hamjui.

"Sikuisikia," alisema. "Nyevu, wallahi sikuisikia."

"Ulikuwa umelala, kaka. Ulikuwa unatembea umelala!"

"Nyamaza." Jefwa aliangaza huku na huku kuona kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu. "Sikiliza. Usimwambie mama, wala mtu yeyote. Wakijua, watanifukuza kazi. Unataka nifukuzwe?"

Nyevu alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Basi niapie."

Nyevu akaapa. Nyumbani alimwambia mama kwamba alijikwaa na sukari ikamwagika. Mama alimgombeza, naye akavumilia, kwa sababu kugombezwa kwa ajili ya sukari kulikuwa kitu kidogo mno.

Siku chache baadaye, akiwa amekaa na sinia la mahamri nje ya nyumba, alisikia akiitwa.

"Nyevu!"

"Abee!"

Alikuwa Bwana Stambuli, mkufunzi wa makondakta wanagenzi. Mzee huyu alikuwa amefanya kazi ya ukondakta ujana wake wote, na sasa aliwafundisha vijana. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ya vito, ya kutariziwa kwa mkono, iliyokaa wima siku zote, lakini wanagenzi walimwogopa kwa sababu hakuna kosa lililompita.

"Shikamoo, Bwana Stambuli."

"Marahaba, binti. Nifungie mahamri ya watoto." Alipokwisha kuyapokea hakuondoka. Alishusha sauti. "Hebu nambie. Kaka yako alala vizuri siku hizi? Namwona amechoka. Akitoka kazini, huja kulala, ama ana pahala pengine apitia?"

Akilini Nyevu alimwona tena Jefwa katikati ya reli. Akakumbuka kiapo.

"Analala, Bwana Stambuli," alisema. "Analala sana."

Mzee alimtazama kidogo. "Alhamdulillahi," alisema. "Maana mtu wa treni akikosa usingizi, ni hatari kwa kila mtu."

Akaenda zake. Nyevu alibaki ameshika sinia. Alijiambia kwamba amemwokoa kaka yake. Lakini mbona hakufurahi?

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, mama alimwambia Nyevu aende Mazeras akakae na hawe kwa siku kadhaa. "Utapanda treni ya mchana," alisema. "Kaka yako yuko zamu. Ukiwa na kaka yako, mimi sina wasiwasi."

Nyevu alitaka kusema, "Mama, nitembee kwa miguu." Badala yake akaenda kufunga mzigo wake.

Stesheni ya Changamwe ilikuwa imejaa watu na vikapu. Jefwa alikuwa amesimama kando ya behewa la mwisho. Alimshika Nyevu mkono kumpandisha, na mkono wake ulikuwa wa moto.

"Kaka, umelala jana?"

"Panda, panda," Jefwa alisema. "Mariakani, panda."

"Ninakwenda Mazeras, kaka. Kwa hawe."

Jefwa alipepesa macho. "Ndiyo. Mazeras," akasema, akaondoka akishika ukuta wa behewa kwa vidole.

Kondakta mkubwa wa treni hiyo aliitwa Bwana Nicanor. Yeye alisimamia mabehewa ya mbele, na ya nyuma alimwachia Jefwa. Kila stesheni kazi ya Jefwa ilikuwa kuhakikisha kwamba watu wote wameshuka na kupanda salama, kisha kuinua mkono. Mkono wake ukiinuka, gadi hupiga filimbi na kupunga bendera ya kijani, na treni huondoka.

Nyevu alikaa karibu na bibi mmoja mnene, aliyevaa buibui na kushika kikapu mapajani. Bibi huyo alimtazama, akatabasamu.

"Hujambo, mwanangu? Waenda wapi peke yako?"

"Sijambo, bibi. Shikamoo. Ninakwenda Mazeras kwa hawe yangu."

"Marahaba. Mimi naitwa Bi Zubeda. Nashuka hapo Miritini, narudi kwangu. Mbona watetemeka? Waumwa?"

"La, bibi."

Bi Zubeda alitia mkono kikapuni akamtolea mabuyu mekundu yaliyofungwa kwa karatasi. "Tafuna. Mwenye kutafuna hatapiki," alisema. Nyevu alicheka kidogo. Wakazungumza juu ya shule, na juu ya miguu ya Bi Zubeda iliyokuwa ikimsumbua asipende kupanda ngazi. Kwa muda mfupi hofu ilimlegea.

Treni ilipunguza mwendo. Wakafika Miritini.

"Haya, mwanangu. Mungu akufikishe salama." Bi Zubeda aliinuka, akaenda mlangoni pole pole, akaanza kushuka akishika chuma kwa mkono mmoja na kikapu kwa mwingine. Nyevu alichungulia dirishani ili amuage.

Hapo ndipo alipomwona Jefwa. Alikuwa amesimama kwenye jukwaa, hatua chache tu kutoka mlango ule, ameegemea nguzo. Macho yake yalikuwa yamefumba.

Mbele kabisa Bwana Nicanor aliita, "Nyuma tayari?"

Jefwa alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Bila kutazama mlango, akainua mkono. Filimbi ikalia. Bendera ya kijani ikapungwa.

Bi Zubeda alikuwa na mguu mmoja chini na mmoja bado kwenye ngazi. Treni ilipojongea, aliruka chini, lakini ncha ya buibui lake ilikuwa imenasa kwenye mshikio wa mlango. Akavutwa. Kikapu kikaanguka. Alianza kukimbia kando ya behewa, yeye ambaye hata kutembea kulimtesa, mkono mmoja ukiwa umeshika nguo shingoni.

"Simamisheni! Simamisheni!" Nyevu alilia. Sauti yake ilimezwa na kelele za magurudumu. Abiria wengine walikuwa upande wa pili, wakinunua machungwa dirishani.

Juu ya dirisha palikuwa na mnyororo, na chini yake maandishi: Vuta wakati wa hatari tu. Atakayeuvuta bila sababu atashtakiwa. Nyevu aliyasoma maandishi hayo kwa mara nyingine, ingawa aliyajua. Alijua pia kwamba akiuvuta, watu wote watakuja kuuliza kwa nini, na jibu la swali hilo lilikuwa ni kaka yake.

Chini, Bi Zubeda alijikwaa.

Nyevu alipanda juu ya kiti, akaushika mnyororo kwa mikono miwili, akauachia mwili wake wote ukining'inia.

Breki zililia. Watu waliangukiana. Treni ikasimama kwa kishindo, na Nyevu akajikuta sakafuni katikati ya vikapu vya watu.

Aliposhuka alimkuta Bi Zubeda ameketi chini, buibui limechanika, magoti yanatoka damu, mkono wake wa kushoto ameukumbatia kifuani. Gurudumu la chuma lilikuwa karibu naye kiasi cha kuligusa. Alikuwa hai. Midomo yake ilikuwa ikitamka shahada, tena na tena, bila sauti.

Bwana Nicanor alifika mbio. "Nani amevuta mnyororo?"

"Mimi," Nyevu alisema.

"Umefanya vyema, binti. Na wewe, Jefwa! Kumetokea nini? Wewe ndiwe uliyeinua mkono!"

Jefwa alikuwa amesimama, uso umekuwa kama majivu.

"Bibi alichelewa," alisema. "Mimi nilitazama, mlango ulikuwa mtupu. Kisha yeye akashuka treni ikiwa imeshaondoka."

Watu waliokusanyika walianza kunong'ona. "Ah, wazee nao." "Si angengoja stesheni ya mbele?"

Jefwa alimtazama Nyevu. Macho yale mekundu yalikuwa yakimsihi. Nyevu alitazama chini, kwenye mabuyu yaliyotapakaa juu ya kokoto. Akainama, akaanza kuyaokota.

Wanaume wawili walimwinua Bi Zubeda kumpeleka kwenye zahanati. Alipopita karibu na Nyevu, alikuwa akisema kwa sauti ndogo, "Mimi sikuchelewa, wanangu. Mimi sikuchelewa." Hakuna aliyemsikiliza.

Jioni ile Mazeras, hawe alimwandalia Nyevu wali wa nazi. Nyevu aliusukuma kando. Hawe alimgusa paji la uso akadhani ni homa. Kulipokucha, Nyevu alimwomba amruhusu arudi Changamwe. "Kuna jambo sikulisema, hawe," alisema, "na nisipolisema nitaugua kweli." Hawe hakumwuliza ni jambo gani. Alimfunga leso begani, akamsindikiza mpaka stesheni.

Alipoingia nyumbani, alimkuta Bwana Stambuli ameketi kwenye kiti cha wageni. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, na Jefwa ameketi mkekani, kichwa chini.

"Afadhali umekuja," Bwana Stambuli alisema. "Njoo ukae, Nyevu. Usiogope. Wewe ndiwe uliyekuwa dirishani, na ndiwe uliyeokoa roho ya mtu. Bwana Nicanor hakuona, na gadi hakuona. Bibi asema hakuchelewa. Kaka yako asema alichelewa. Nataka kujua wewe uliona nini."

Nyevu alimwogopa Bwana Stambuli, aliogopa mama atalia, aliogopa Jefwa hatamsemesha tena maisha yake yote. Lakini aliposhusha macho alimwona tena akilini Bi Zubeda akibebwa, midomo yake ikisema maneno yale yale.

"Bibi hakuchelewa," alisema. "Kaka alikuwa amelala. Alilala amesimama. Aliinua mkono bila kutazama." Sasa maneno yalitoka yenyewe pamoja na machozi. "Na siku ile uliponiuliza, Bwana Stambuli, nilikudanganya. Kaka halali usingizi. Alikaribia kugongwa na mabehewa hapo relini nami nikaapa sitasema. Nisamehe. Nisamehe, kaka."

Mama alishika kichwa. Kisha, badala ya kulia, alimgeukia mgeni kwa hasira.

"Na nyinyi je, Bwana Stambuli? Mmemfanyisha mtoto wangu kazi usiku na mchana! Hata likizo yake mmemnyima! Sasa mnakuja kumwuliza kwa nini amelala?"

Bwana Stambuli alimkodolea macho. "Likizo? Nani aliyemnyima likizo? Mimi mwenyewe nimemwita mara mbili nikamwambia, 'Jefwa, likizo yako imefika, nenda.' Akaniambia kwao kuna shida, apendelea kuingoja Desemba. Mwanagenzi ana zamu yake, na baada ya zamu ana saa zake za kupumzika, haruhusiwi kuzigusa. Hiyo ndiyo sheria yetu."

Wote walimtazama Jefwa.

"Ni kweli, mama," alisema. "Sikunyimwa. Nilikataa mwenyewe. Na zile zamu nyingine zilikuwa za wenzangu. Nilikuwa nikiwaambia, 'Nenda kapumzike, nitakushikia.' Mtihani wa kwanza nilianguka, sikukwambia. Mwenzangu mmoja alianguka kama mimi, akarudishwa kwao. Nikaogopa. Nikadhani wakiniona nipo kila siku, kila zamu, watasema huyu ni hodari, tumwache. Nikadhani nikienda likizo watanisahau." Alifuta uso kwa kiganja. "Na jana nilimsingizia bibi wa watu. Niliogopa. Kila siku ni woga tu."

Bwana Stambuli alivua kofia yake, akaiweka gotini. Hakupaza sauti.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nami nina kosa. Nilikuona umechoka, nikaenda kumwuliza mtoto swali nililopaswa kukuuliza wewe. Hilo langu. Lakini lako ni hili: ulidhani saa za kupumzika ni zako, waweza kuzigawa upendavyo kama mabuyu. Si zako. Ni za abiria. Bendera ya kijani haina macho, Jefwa. Macho ni yako wewe, nawe uliyapeleka kazini yakiwa yamekufa. Mtu mvivu huharibu kazi kwa kutoifanya. Na mtu asiyejua kupumzika huiharibu akiwa ameishika mikononi. Wote wawili ni wamoja."

"Nitafukuzwa?" Jefwa aliuliza.

"Utakwenda nami sasa hivi kwa Bwana Nicanor, umwambie ukweli kwa kinywa chako. Ungeendelea kusema uongo, nisingekuwa na la kukutetea. Baada ya hapo utakwenda likizo, na mara hii ni amri. Ukirudi hutagusa mlango wa treni mpaka nikufundishe upya tangu mwanzo. Wala hakuna mwanagenzi atakayeshika zamu ya mwenziwe tena. Hayo nitayasimamia mwenyewe." Kisha akamgeukia Nyevu. "Nawe, binti, siri ni kitu kizuri. Lakini siri iwezayo kumwua mtu si siri, ni mtego. Ukiiona tena, mwendee mtu mzima. Hata kama umeapa."

"Ndiyo, Bwana Stambuli," Nyevu alisema.

Mambo yakawa kama alivyosema. Bwana Nicanor alikasirika sana, lakini Jefwa hakufukuzwa. Siku ya kwanza ya likizo yake, kabla ya kwenda Mazeras, yeye na Nyevu walikwenda Miritini kumtafuta Bi Zubeda. Nyevu alikuwa na hofu tena njia nzima. Je, bibi akiwafukuza? Akiwaitia watu?

Walimkuta amekaa barazani, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Alimtambua Nyevu mara moja, akamkumbatia kwa mkono mzima. Kisha akamtazama kijana aliyesimama nyuma yake.

Jefwa alipiga magoti. "Nimekuja kuomba radhi, bibi. Hukuchelewa. Mimi ndiye niliyelala. Nimeshawaambia wote."

"Mkono utapona," Bi Zubeda alisema. "Lililoniuma ni lile neno, kwamba nimechelewa. Nililala nalo, nikaamka nalo. Sasa umelitoa. Nimekusamehe, mwanangu, na Mungu akusamehe. Kaa hapo mkekani niwaletee chai."

Nyevu aliingia naye jikoni kumsaidia, kwani mkono mmoja hauwezi kubeba sinia. Waliporudi barazani, Jefwa alikuwa amelala. Alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha mbele ya mwenye nyumba, mdomo wazi kama mtoto.

Nyevu aliona aibu na hofu vikimjia pamoja. Kulala katika nyumba ya mtu uliyemkosea! Alimrukia amwamshe. "Kaka! Kaka Jefwa!"

"Mwache," Bi Zubeda alisema.

"Lakini bibi, amekuja kukuomba radhi..."

"Ameshaiomba, nami nimeshampa." Bi Zubeda aliweka birika chini, akachukua mto, akausukuma taratibu nyuma ya kichwa cha Jefwa. "Sikia, mjukuu wangu. Ndugu yako akilala pasipofaa, mwamshe, hata akikukasirikia. Akilala panapofaa, mwache alale. Hapa hapana treni."

Akammiminia Nyevu chai, wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini.